Usawa wa mishahara haukuja kwa hisani: Tumkumbuke Makhan Singh

Mwanafunzi wa Historia na Serikali akiulizwa awataje waasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, hatakosa kumtaja Tom Mboya. Akiwa amejiandaa vyema ataongeza Fred Kubai na Chege Kibachia. Jina la Makhan Singh huja mwishoni, tena mara nyingi huja kama jina tu, lisilo na maelezo wala maisha. Nathubutu kusema kwamba hilo ni pengo kubwa, hasa kwetu sisi tulio katika kazi ya ualimu. Kila tunapozungumzia madaraja ya kazi, posho ya nyumba na mikataba inayotiwa saini baina ya chama na mwajiri, tunazungumza lugha ambayo mtu huyu alisaidia kuifundisha nchi hii.

Nimeamua kumzungumzia kwa sababu ya hoja moja ninayoisikia mara kwa mara katika vyumba vya walimu. Wako wanaodhani kwamba usawa wa malipo ni suala la haki za binadamu, la kuamuliwa na majaji na katiba, ilhali majadiliano ya pamoja ni suala la vyama, yaani siasa na kelele za barabarani. Kwa fikira hiyo, mtu anaweza kulipata la kwanza bila kujisumbua na la pili. Maisha ya Makhan Singh yanaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana hapa kwetu.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, kwenye jimbo la Punjab, sehemu ambayo sasa imo nchini Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyekuja Kenya mwaka 1920 kufanya kazi katika reli. Makhan na mama yake walimfuata mwaka 1927, kijana akiwa na umri wa miaka 13. Alisoma mjini Nairobi katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, ambayo leo ni Shule ya Upili ya Jamhuri, akafaulu mtihani wa matrikulesheni wa London mwaka 1931. Alitamani kuendelea na masomo lakini mfuko wa nyumbani haukuruhusu. Baba alikuwa ameacha reli na kuanzisha kiwanda cha kupiga chapa, na mwana akaingia humo kufanya kazi. Alikuwa pia mtunzi wa mashairi kwa lugha ya Kipunjabi. Nalitaja jambo la kiwanda kwa makusudi, kwani chama kisicho na mahali pa kuchapishia vikaratasi vyake ni chama bubu, na kijana huyu alikuwa na mashine mlangoni pake.

Ili tuelewe alichokipigania, hatuna budi kutazama jinsi mshahara ulivyopangwa katika Kenya ya wakati huo. Palikuwa na ngazi tatu. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, na Mwafrika chini, na tofauti hizo hazikufuata kazi aliyoifanya mtu bali ngozi aliyozaliwa nayo. Reli ilikuwa na madaraja yake kwa kila rangi, serikali vivyo hivyo, na shule zetu pia.

Mwafrika aliwekewa pingu za ziada. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande. Kijitabu hicho kilikuwa na alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, pamoja na mshahara aliokuwa akilipwa. Hebu fikiri, msomaji. Mtu anakwenda kutafuta kazi mpya, na kabla hajafungua kinywa kutaja bei ya jasho lake, mwajiri amekwisha kuisoma bei ya zamani kwenye kipande. Akiiacha kazi bila idhini, ametenda kosa la jinai. Katika hali kama hiyo, kumwambia mfanyakazi ajadiliane na mwajiri wake peke yake ni sawa na kumwambia aliyefungwa mikono apigane ngumi.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya shule hulipitia haraka. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kwa mahitaji ya kapera. Ilichukuliwa kwamba hana mke wala watoto wa kulisha, au akiwa nao, basi wako kijijini wanajilisha wenyewe. Kazi ya mwanamke shambani, ambayo haikulipwa hata senti, ndiyo iliyomwezesha mwajiri wa Nairobi au Mombasa kulipa kidogo namna ile. Haikuwa mpaka mwaka 1954 ambapo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter, kamishna wa leba, ilipendekeza mshahara wa chini uhesabiwe kwa kuzingatia familia. Kwa hivyo mtu anayedai kwamba suala la mishahara ya wanawake ni jambo geni lililoletwa na mikutano ya kimataifa hajaisoma historia yetu vyema. Mwanamke alikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, ila jina lake halikuandikwa.

Mnamo Machi 1935 Makhan Singh, akiwa bado hajatimiza miaka 22, alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi kilichoundwa mwaka uliotangulia. Jambo kubwa la kwanza alilolifanya halikuhusu hata shilingi moja kutoka kwa mwajiri yeyote. Aliwashawishi wanachama wabadilishe jina na masharti ya chama. Kufikia mwezi wa Aprili kilikuwa kimekuwa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi pasipo kujali rangi, dini wala kabila.

Mtu anaweza kuuliza: fundi wa Kihindi, aliyelipwa zaidi ya Mwafrika, alikuwa na faida gani kumkaribisha Mwafrika chamani? Swali hilo ni zuri, na wapo wanachama walioliuliza wakati huo. Hoja yenyewe, kama ninavyoielewa mimi, ni hii. Mwajiri anayelipa mishahara miwili kwa kazi moja ana silaha mbili mkononi. Anapodaiwa nyongeza na anayelipwa zaidi, humwonyesha anayelipwa kidogo aliyesimama mlangoni akisubiri. Anapodaiwa na anayelipwa kidogo, humwambia kwamba asili yake, au elimu yake, au mahitaji yake hayastahili zaidi ya hapo. Kila mmoja hutumiwa kumtisha mwenziwe. Aliye juu hujiona amependelewa, kumbe mshahara wake umefungwa kamba kwenye mshahara wa aliye chini, na siku yoyote waweza kuvutwa. Basi usawa haukuwa sadaka ambayo fundi wa Kihindi angemtolea Mwafrika. Ulikuwa kinga yake mwenyewe.

Mafanikio ya mwanzo yalikuja upesi. Chama kilidai siku ya kazi ya saa nane kuanzia tarehe 1 Oktoba 1936, na waajiri wengi wakakubali. Aprili 1937 kikaitisha mgomo mjini Nairobi kudai nyongeza ya asilimia 25. Mgomo ulidumu takriban miezi miwili. Wengi wa waajiri waliogomewa walikuwa makandarasi wa Kihindi, watu wa jamii na hata wa dini moja na wagomaji, ambao Makhan Singh alikutana nao hekaluni na sokoni. Hakuwahurumia kwa sababu ya undugu. Mwishowe waajiri waliketi, wakazungumza na chama, wakatoa nyongeza ingawa haikufika yote iliyodaiwa, na wakawarudisha wagomaji kazini. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya kusajili vyama, na chama hiki, ambacho sasa kilijiita cha Afrika Mashariki, kikasajiliwa.

Lakini tusimpambe shujaa wetu kupita kiasi. Mlango ulikuwa umefunguliwa, naam, ila kwa miaka kadhaa walioingia walikuwa karibu wote Wahindi. Katiba ya chama yaweza kumkaribisha kila mtu, na kila mtu akabaki nje kwa sababu ya lugha, kwa sababu ya woga, au kwa sababu hajaona mtu wa kwao akiketi pale mbele. Ilichukua hadi Julai 1939 ndipo Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa chama cha kisiasa cha Wakikuyu kilichojulikana kama KCA, walipochaguliwa katika kamati kuu. Mimi naona kwamba miaka hiyo minne ina somo kubwa kuliko ile siku ya kubadilisha jina, na ni vyema mwalimu anapofundisha habari hizi asiiruke.

Baadaye kidogo Makhan Singh alisafiri kwenda India. Serikali ya kikoloni ya huko ilimkamata Mei 1940, ikamweka kizuizini bila kumfungulia mashtaka, na hakuwa huru kamili hadi Januari 1945. Hivyo hakuwapo Kenya wakati tukio kubwa kuliko yote ya wafanyakazi wa enzi hizo lilipotokea.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa hoteli na hata wa majumbani. Mji ulisimama kwa siku 12. Katika mikutano yao ya kila siku uwanjani, wakazaa shirikisho la wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Malalamiko aliyoyaorodhesha Kibachia yanastahili kusomwa na kila mwanafunzi. Alilalamikia malipo yasiyo sawa kwa kazi zilizo sawa. Alilalamikia kukosekana kwa posho ya mke na watoto, kodi za nyumba zilizopanda, dharau waliyoonyeshwa wafanyakazi Waafrika, na mbinu ya makusudi ya kumweka Mwafrika katika umaskini ili asipate nafasi ya kuondoka kazini. Angalieni jinsi alivyoziweka pesa na heshima katika orodha moja. Serikali iliunda jopo la kuamua mzozo huo, likiongozwa na Jaji Thacker, na viwango vya malipo vikapandishwa kwa baadhi yao. Lakini Kibachia mwenyewe, alipoanza kulieneza shirikisho nje ya Mombasa, alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa Kabarnet.

Mwezi huo huo wa Agosti, Makhan Singh alirejea Kenya. Serikali haikutaka kumwona. Ilijaribu kumfukuza nchini, mambo yakafika mahakamani, akabaki. Alichokikuta ni vyama vingi vidogo vidogo vya madereva, washonaji, washona viatu, wapiga chapa na watumishi wa hoteli, kila kimoja kikijadiliana na mwajiri wake kivyake au kikinyimwa hata nafasi ya kujadiliana. Hali hiyo iliipendeza serikali, na mshauri wa vyama aliyeletwa kutoka Uingereza, James Patrick, alihimiza vyama vya kazi moja moja visivyojiingiza katika mambo mapana.

Hapa nataka tusimame kidogo kwenye mwaka 1948, kwa kuwa mwaka huo ulitoa karatasi mbili ambazo ukiziweka mezani pamoja hutajua ucheke au ulie.

Karatasi ya kwanza ni ripoti ya tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Tume hiyo ilipendekeza kwamba Mwafrika aliyefikia cheo sawa na cha Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu huyo. Yaani Mzungu akipata shilingi 100, mwenziwe wa kazi ile ile apate 60. Hili halikuwa tena suala la elimu au uzoefu, kwani tume ilikuwa ikizungumza juu ya watu wenye cheo kimoja. Mwalimu aliyehitimu, daktari aliyehitimu, karani aliyehitimu, wote waliambiwa kwa hesabu kamili kwamba wao ni sehemu ya mtu.

Karatasi ya pili ni Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba mwaka huo, Uingereza ikiwa miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono. Kifungu cha 23 cha azimio hilo kinampa kila mtu haki ya malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi wowote. Lakini mwanafunzi akiendelea kusoma, asiishie hapo, atakuta kwamba kifungu hicho hicho, mistari michache tu baadaye, kinampa kila mtu haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho ili kulinda maslahi yake. Haki hizo mbili ziliwekwa katika kifungu kimoja. Waliokiandika walifahamu kwamba ya kwanza bila ya pili ni hundi isiyo na benki ya kuilipa. Nani atakayejua kwamba analipwa pungufu, ikiwa kila mtu anaficha karatasi ya mshahara wake? Nani atakayethubutu kusema, ikiwa atasema peke yake?

Makhan Singh hakungoja karatasi ya Umoja wa Mataifa imfikie. Mwaka 1948 alikuwa tayari akiwakusanya wajumbe wa vyama mbalimbali kuzungumzia mishahara na gharama ya maisha. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana kuwa Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Mkikuyu wa chama cha madereva na Singasinga wa kiwanda cha chapa waliketi meza moja, wakitoa taarifa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine walizoziweza wanachama wao. Serikali ilikataa kulisajili kongamano hilo. Sababu za kisheria zilitolewa, lakini mimi naamini kilichoitisha serikali ni hiyo meza moja. Utawala uliojengwa juu ya mishahara ya ngazi tatu haungeweza kustahimili mezani watu wa ngazi mbili wanaodai kitu kimoja.

Machi 1950, Nairobi ilipotunukiwa hati ya kuwa jiji, viongozi hao waliwahimiza wafanyakazi wasusie sherehe. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki mara moja. Wengi humkumbuka kwa siku hiyo tu. Kwangu mimi, siku hiyo ilitokana na miaka 15 iliyotangulia. Mtu aliyejaribu kwa muda wote huo kuuweka sawa mshahara wa fundi na wa kibarua hatimaye hugundua kwamba aliyeandika ngazi zile ni serikali yenyewe.

Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma. Wagomaji walidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi walitumia gesi ya kutoa machozi, magari ya kivita yakazunguka katika mitaa ya Waafrika, na ilichukua zaidi ya wiki moja kabla mgomo haujavunjwa. Makhan Singh alipelekwa Nyeri kuhojiwa mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyeamua mishahara ya Mombasa na ambaye baadaye angesikiliza kesi ya Kapenguria. Hakuficha kwamba alikuwa mkomunisti, wala hakuitambua haki ya Uingereza kuitawala Kenya. Aliyasema hayo bila kutafuta huruma. Akapelekwa Lokitaung, kule Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol.

Alikaa huko zaidi ya miaka 11. Aliwekwa kizuizini kabla ya hali ya hatari kutangazwa, na alikuwa bado ndani baada ya hali hiyo kuondolewa. Mkewe, Satwant Kaur, na watoto waliishi bila yeye muda wote huo. Aliachiliwa Oktoba 1961, miezi miwili hivi baada ya Jomo Kenyatta.

Aliporudi, mambo mengi aliyoyadai yalikuwa yameanza kukubalika, tena kwa mikono ya watu wengine. Kanuni ya tatu kwa tano ilikuwa imefutwa kufuatia ripoti ya tume ya Lidbury ya mwaka 1954, ingawa watumishi kutoka ng'ambo walitengewa nyongeza ya kuwavutia, na hivyo pengo likapita mlango wa nyuma. Mboya alikuwa amewajadilia makuli wa Mombasa katika mgomo wa 1955 na kujijengea jina. Walimu walikuwa wameunda KNUT mwaka 1957. Oktoba 1962, Mboya akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na vyama walitia saini mkataba wa mahusiano ya viwandani, ambao ulikubali rasmi kwamba mishahara itajadiliwa mezani. Baada ya uhuru Makhan Singh hakupewa cheo cha maana. Sijui kama kulikuwa na mkutano wowote ulioamua asipewe, lakini taifa jipya lilikuwa na haraka, na mzee mwenye kilemba aliyejiita mkomunisti hakuingia kwa urahisi katika picha lililotaka kuichora.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1964 Kenya iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu haki ya kujadiliana kwa pamoja. Mkataba Na. 100, unaohusu malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, ulipitishwa na shirika hilo mwaka 1951, lakini Kenya iliuridhia mwaka 2001. Baina ya saini hizo mbili ipo miaka 37. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka enzi ambapo mwanamke aliyeolewa katika utumishi wa umma hakupata posho ya nyumba, kwa hoja kwamba mumewe ndiye wa kumpa makao. Angalieni jinsi hoja ilivyogeuzwa. Mkoloni alimchukulia mwanamume wa Kiafrika kuwa kapera ili amlipe kidogo. Sisi tukamchukulia mwanamke kuwa mke wa mtu ili tumlipe kidogo. Mwenye kutaka kupunguza mshahara hakosi kisingizio cha kifamilia.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inalinda haki ya kufanya majadiliano ya pamoja. Maneno hayo ya thamani sawa ni mazito kuliko yanavyosikika. Kulinganisha walimu wawili wa hisabati ni rahisi. Kulinganisha mwalimu wa chekechea, ambaye aghalabu ni mwanamke, na dereva wa ofisi, ambaye aghalabu ni mwanamume, kunahitaji kupima ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kila kazi. Zoezi hilo ndilo tunaloliita tathmini ya kazi. Likifanywa na mwajiri peke yake, vipimo vitakuwa vyake. Mkataba wa walimu uliotiwa saini mwaka 2016, wa shilingi bilioni 54, ulitanguliwa na tathmini ya namna hiyo, na wako walimu ambao hadi leo wananung'unika kuhusu walivyopimwa. Manung'uniko hayo yana mahali pa kupelekwa, na mahali penyewe ni kwenye meza ya chama.

Kisha wakaja walimu wanagenzi wa sekondari msingi. Walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, wakifundisha masomo yale yale na kusahihisha mitihani ile ile, ilhali waliondoka na takriban shilingi 17,000 kwa mwezi baada ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri kwa mtindo huo kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Mwezi uliofuata walikuwa barabarani, kwa sababu uamuzi ulikuwa umetoka na mshahara ulikuwa haujabadilika. Nilisikia baadhi ya walimu wa kudumu wakisema kwamba vijana hao wavumilie, kila mtu alianza chini. Sikuipenda kauli hiyo. Mwalimu wa kudumu anayeridhika kufanya kazi kando ya mwenziwe anayelipwa sehemu ndogo ya mshahara wake hajajiuliza mwajiri atasema nini siku mkataba ujao utakapojadiliwa, atakapokuwa na maelfu ya wengine walio tayari kwa shilingi 17,000. Mafundi wa Kihindi wa mwaka 1935 walikuwa wamelijibu swali hilo.

Makhan Singh aliitumia miaka yake ya mwisho kuandika. Historia yake ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi mwaka 1952 ilichapishwa mwaka 1969. Ni kitabu kinene, kikavu mahali pengi, kilichojaa maazimio, tarehe na majina ya watu ambao hawakumbukwi na yeyote mwingine. Yeye mwenyewe anatajwa humo kana kwamba ni mtu mwingine. Alifariki jijini Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Sehemu ya pili, inayofika mwaka 1956, ilihaririwa na Profesa Bethwell Ogot na kutoka mwaka 1980. Barua, vikaratasi na kumbukumbu za mikutano alizozihifadhi ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kwenda kuziomba.